Jumapili hashuki ngazi, Jumatano anagongana tena: je, mwanangu anapona kweli?

SWALI: Assalamu alaykum, daktari. Mwanangu Khamis yuko mwaka wa pili chuoni hapa Texas kwa ufadhili wa futiboli ya Kimarekani. Ana kilo 104 na anacheza lainbeka, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele. Mechi zao ni Jumamosi. Jumapili hawezi kushuka ngazi bila kushika ukuta, lakini ikifika Jumatano anaambiwa vipimo vyake viko sawa, anavaa helmeti na kugongana tena. Je, anapona kweli au anatumiwa tu? Kila siku anaingia kwenye pipa la barafu, na baba yake anasema atakuja kupata baridi yabisi. Chuo pia kilitupatia karatasi inayosema amebeba kinasaba cha selimundu. Na Ramadhani itakuwaje? (Mama Khamis, Houston)

JIBU: Waalaykum salaam, Mama Khamis. Kazi yangu ni fiziolojia ya mazoezi, na hilo swali lako la kwanza wazazi wengi wanalo, ila wachache wanalitamka waziwazi kama wewe. Jibu fupi ni kwamba yote mawili yanawezekana. Jumatano Khamis anaweza kuruka juu sawasawa na alivyoruka kabla ya mechi, na misuli yake bado ina majeraha. Kipimo cha kocha si cha uongo, ila kinapima kitu kimoja tu.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana sisi tuliokulia kwenye soka tunautazama kwa jicho la soka. Mchezaji wa soka anakimbia kilomita 10 au zaidi kwa dakika 90. Huku kwao, kila mpira unapoanzishwa kazi inadumu sekunde 5 hivi, kisha watu wanainuka, wanajipanga, na ndani ya sekunde 40 mpira unaanzishwa tena. Timu moja huanzisha mpira mara 60 hadi 70 hivi kwa mechi. Vifaa vidogo vya GPS wanavyovaa mgongoni, katikati ya mabega, vinaonyesha kwamba wale wepesi wanaopokea mipira ya mbali wanapita kilomita 5 kwa mechi, na wazito wa mstari wa mbele wanaishia 3 na kitu. Mgeni akiangalia anaona vijana wamesimamasimama kwa muda wa saa tatu na nusu, halafu anashangaa mbona kesho yake wanatembea kama wazee.

Umbali haumchoshi Khamis hivyo. Kinachomwumiza ni kufunga breki. Lainbeka anatoka kwa kasi, anasoma mpira umeenda upande wa pili, anasimama ghafla, anageuka, anatoka tena. Kila anaposimama, misuli ya paja inavutika huku ikiwa imekaza, na hiyo ndiyo hali inayochana nyuzi za misuli kuliko zote. Ongeza migongano na watu wa kilo 130 na 140, mapaja na mabega yakipondwa mara kadhaa kwa robo moja ya mchezo. Seli zilizochanika zinavujisha kimeng'enya kiitwacho kriatini kinesi kwenye damu, na tunaweza kukipima.

Sasa, vitu tofauti mwilini vinarudi kwa kasi tofauti. Fosfokriatini, ile nishati ya haraka inayotumika kwenye zile sekunde 5, sehemu yake kubwa inarudi ndani ya dakika chache. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli unahitaji siku nzima au zaidi, na msuli uliochanika unaujaza polepole kuliko mzima. Nguvu ya kuruka na kuchomoka hurudi baada ya siku mbili hivi. Maumivu kwa kawaida hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Na kile kimeng'enya? Kwa wachezaji wa raga ya ligi, mchezo wenye migongano inayofanana na hii, nguvu ya kuruka ilirudi ndani ya saa 48, lakini kimeng'enya kilikuwa bado juu siku tano baada ya mechi. Hesabu mwenyewe: Jumamosi mpaka Alhamisi. Maana yake ni kwamba katikati ya msimu kijana anaingia mechi nyingine akiwa amepona kwa siku moja au mbili tu, na msimu wa kawaida una mechi 12.

Kuna jambo la kukutuliza kidogo. Mwili unazoea kugongwa. Wachezaji wa vyuo waliopimwa damu msimu mzima walionyesha kwamba misuli inavuja kidogo zaidi kadiri wiki zinavyokwenda, kana kwamba imejifunza. Ndiyo maana Agosti, kambi ya maandalizi, ndiyo kipindi kinachoumiza kuliko Oktoba, na ndiyo maana shirikisho la vyuo, NCAA, lilifuta mazoezi ya kugongana mara mbili kwa siku mwaka 2017, kisha 2021 likapunguza tena siku za kuvaa vifaa kamili kambini. Mabadiliko hayo yalichelewa, lakini yalikuwa sahihi.

Kipimo anachofanyiwa Khamis, nadhani, ni cha kuruka. Anasimama kwenye bamba la kupimia nguvu, mikono kiunoni, anachuchumaa kidogo na kuruka, mara tatu hivi. Skrini inatoa sentimita. Hapo kuna ujanja wa mwili ambao hata makocha wengine hawauangalii: kijana aliyechoka anaweza kupata sentimita zilezile kwa kuchuchumaa chini zaidi na kuchukua muda mrefu zaidi kabla ya kuondoka ardhini. Urefu haujabadilika, ila mwendo umekuwa mzito. Bamba hilohilo linarekodi na muda huo. Mwambie Khamis aulize: "Nimechukua muda gani kuondoka chini, ukilinganisha na muda wangu wa kawaida?" Wakimjibu bila kubabaika, ujue wanajua wanachofanya. Wakimwonyesha sentimita peke yake, basi wanaangalia nusu ya habari. Na kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu kichwa. Akipata mtikisiko wa ubongo, kuruka vizuri si ruhusa ya kurudi uwanjani, hata kidogo.

Tuje kwenye usingizi, ambao ningeuweka mbele ya mashine zote walizonazo pale chuoni.

Sheria ya NCAA inasema msimu ukiwa umeanza, chuo hakiwezi kumtumia mchezaji zaidi ya saa 20 kwa wiki na saa 4 kwa siku, na lazima apewe siku moja ya mapumziko. Inasikika vizuri mpaka uone namna saa zinavyohesabiwa. Siku ya mechi inaandikwa saa 3, hata kama kijana ametoka bwenini asubuhi na kurudi usiku wa manane. Safari haihesabiwi. Matibabu hayahesabiwi. Hapo bado masomo, ambayo lazima yafikie krediti 12 ili ahesabiwe kuwa mwanafunzi kamili. Wiki ikishakatwakatwa hivyo, kinachobaki cha kupunguza ni usiku.

Mwaka 2011 watafiti wa Stanford waliwaomba wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo chao wakae kitandani kwa jumla ya saa 10 kila usiku kwa wiki tano hadi saba. Mbio zao za uwanjani zilishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo yao iliyoingia ikaongezeka kwa asilimia 9. Walikuwa wachache, 11 tu, na kikapu si futiboli, kwa hiyo sitaki uichukue kama aya. Lakini sijui mashine ya kukanda misuli inayoweza kumpa kijana nafuu ya ukubwa huo.

Ningemwambia Khamis alenge jumla ya saa 9 kitandani kila usiku, na siku anayoamka alfajiri kwenda kunyanyua vyuma alale mchana nusu saa, si saa mbili, maana saa mbili zitamwibia usiku. Kafeini aikate baada ya chakula cha mchana, kwa sababu saa tano baadaye nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu avihesabu pia, na ajue kwamba kafeini ikizidi kiwango kwenye mkojo, NCAA inaihesabu kama dawa iliyokatazwa. Na wewe Mama, akija nyumbani likizo, msikilize anavyolala. Akikoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza kama aliyekabwa na kushtuka akivuta pumzi, hiyo si dalili ya uchovu tu. Wachezaji wakubwa wenye shingo nene wanapata sana tatizo la pumzi kukatika usingizini, na mtu wa namna hiyo analala saa 9 na kuamka kama aliyelala 4. Kuna kipimo chake na kuna tiba.

Kuhusu barafu. Mwambie Baba Khamis kwamba baridi yabisi ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, maji ya baridi hayauleti. Ila naye ana hoja asiyoijua. Utafiti mmoja uliochapishwa 2015 uliwafuata wanaume waliokuwa wakinyanyua vyuma kwa wiki 12. Nusu waliingia kwenye maji ya nyuzi 10 kwa dakika 10 baada ya kila zoezi, nusu waliendesha baiskeli taratibu. Waliotumia baridi waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko wenzao. Ule uvimbe na joto linalofuata mazoezi ni sehemu ya ujenzi, na barafu inaupunguza pamoja na maumivu.

Kwa hiyo inategemea lini. Baada ya mechi, au kambini Agosti, lengo likiwa ajisikie nafuu na kucheza tena baada ya siku chache, pipa ni sawa. Kati ya Januari na Julai, kipindi cha kujenga mwili, asiingie baada ya kunyanyua vyuma. "Kila siku" ni makosa. Yale mabuti ya hewa yanayobana miguu, mashine za kukanda na vyumba vya baridi kali: vikimfurahisha avitumie, faida ni ndogo na madhara ni madogo. Vyuo vinashindana kuvinunua kwa sababu vinapendeza kwenye picha za kuvutia wachezaji wapya.

Lakini pipa la barafu lina kazi nyingine kubwa zaidi. Mchezaji akipata kiharusi cha joto, mwili ukapita nyuzi 40 na akili ikaanza kuvurugika, anatumbukizwa kwenye maji ya barafu palepale uwanjani, anapozwa kwanza, ndipo anapelekwa hospitali. Ikifanyika ndani ya nusu saa, karibu wote wanapona. Mwaka 2018 Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Maryland, alianguka akikimbia mbio za yadi 110 mwishoni mwa Mei. Hakuwekwa kwenye maji ya baridi, akafariki Juni 13. Chuo kilikiri hadharani kwamba kinabeba dhamana ya kisheria na ya kimaadili. Ukitembelea chuo cha mwanao wakati wa joto, angalia kama lile pipa limejazwa na liko karibu na uwanja wa mazoezi. Likiwa tupu ndani ya jengo, uliza.

Ona kwamba McNair hakufa kwenye mechi. Na hili ndilo ningependa ulishike, kwa sababu macho ya wazazi yote yako Jumamosi. Kati ya 2000 na 2016 wachezaji 33 wa futiboli ya vyuo vya NCAA walikufa michezoni. Sita tu walikufa kwa kugongwa. Waliobaki, 27, waliuawa na mazoezi: moyo, joto, selimundu. Hatari kubwa iko siku kijana anaporudi kutoka likizo, kocha wa mazoezi ya viungo anapotaka kuona nani alikuwa mvivu. Januari 2011, wachezaji wa Chuo Kikuu cha Iowa walirudi kutoka mapumziko wakapewa skwati 100, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, chuma kikiwa nusu ya uzito wa juu anaoweza mtu kunyanyua. Wachezaji 13 walilazwa hospitali kwa rabdomiolisisi, yaani misuli imepasuka kwa wingi hadi mabaki yake yanaziba figo. Dalili ya kukumbuka ni mkojo wa rangi ya chai kavu, pamoja na msuli uliovimba na kuuma kupita kawaida. Akiona hivyo aende hospitali siku hiyohiyo, na asimeze ibuprofeni, maana inazidi kuzibana figo.

Tangu 2019 makocha wa mazoezi ya viungo wana mwongozo rasmi wa vipindi hivi: wiki ya kwanza baada ya likizo mazoezi ya kukimbia yapunguzwe kwa asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Khamis ana haki ya kuuliza kama chuo chake kinaufuata.

Na hapo ndipo ile karatasi ya selimundu inapoingia. Kubeba kinasaba kimoja si kuumwa selimundu. Kwetu ni jambo la kawaida: Uganda, watoto wachanga walipopimwa nchi nzima, zaidi ya 13 kati ya 100 walikuwa nacho, na Pwani na Kanda ya Ziwa ni hivyohivyo, kwa sababu kinamkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Wabebaji wengi wanaishi maisha yao yote bila kujua. Sababu ya chuo kumpima iko hapohapo mjini kwenu. Septemba 2006, Dale Lloyd II, mchezaji wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, alianguka baada ya mbio 16 za yadi 100 na kufariki kesho yake. Alikuwa mbebaji, na hakuna aliyejua. Familia yake ilishtaki, na kutokana na makubaliano ya kesi hiyo NCAA ilianza mwaka 2010 kutaka wachezaji wa daraja la kwanza wapimwe.

Yanayotokea ni haya. Mtu akikimbia kwa nguvu zote mfululizo bila kupumzika, oksijeni inashuka kwenye misuli, asidi inapanda, na baadhi ya chembe zake nyekundu zinajikunja umbo la mundu na kuziba mishipa midogo. Inaweza kuanza dakika za mwanzo tu za zoezi. Nakuomba umfundishe Khamis na wenzake wa bwenini tofauti hii: mtu aliyekazwa na msuli kwa kukosa maji na chumvi anaruka, anapiga kelele, na ukimshika msuli ni mgumu kama jiwe. Anayeanza kupata tatizo la selimundu miguu inamlegea, anakaa au anaanguka polepole, anaweza kuwa bado anaongea, na msuli ukiushika ni laini. Kocha asiyejua anamwona mvivu na kumpigia kelele ainuke. Huyo aachishwe mara moja, apewe oksijeni, na namba ya dharura 911 ipigwe.

Kinga yake ni rahisi. Zile mbio za mfululizo za kupimwa kwa saa, Khamis azikimbie kwa mwendo wake na apumzike zaidi kati ya moja na nyingine. Asifanye mazoezi makali akiwa na homa au anaharisha. Ajipime uzito kabla na baada ya mazoezi, na kila kilo iliyopungua airudishe kwa lita moja na nusu hivi, taratibu. Miinuko nayo ni ya kuangaliwa: Ryan Clark, aliyekuwa na timu ya kulipwa ya Pittsburgh Steelers, alipoteza wengu baada ya kucheza kwenye mji wa mwinuko wa Denver 2007, naye ni mbebaji. Timu ya Khamis ikipangiwa mechi Laramie, Wyoming, mita 2,200 juu ya bahari, daktari ajue mapema. Na mjue sheria hii: tangu 2016 vyuo vikubwa vinatakiwa kumpa mtaalamu wa tiba wa timu kauli ya mwisho kuhusu afya ya mchezaji. Akisema Khamis hakimbii leo, kocha hana la kuongeza.

Chakula sitakaa nacho sana, chuoni hakikosekani siku hizi. NCAA iliruhusu milo bila kikomo mwaka 2014, baada ya Shabazz Napier, nyota wa kikapu wa Connecticut, kusema mbele ya waandishi kwamba kuna usiku alilala na njaa. Kwa uzito wake, protini gramu 170 hadi 200 kwa siku zinamtosha, zikigawanywa kwenye milo minne au mitano. Wanga ndio vijana wanaupunguza kimakosa wakitaka tumbo la kuonyesha. Jumamosi usiku na Jumapili ale wali, chapati, viazi, maharage, bila kujinyima. Kriatini ya unga, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ni salama na inafaa mchezo huu, lakini kopo liwe na nembo ya michezo ya NSF, shirika linalokagua virutubisho, na aulize chuo kwanza, kwa sababu unga mwingine wa madukani umechanganywa na vitu vitakavyomfelisha kipimo cha dawa.

Ramadhani, sasa. Habari njema ni kwamba miaka hii haiangukii msimu wa mechi. Husain Abdullah alifunga katikati ya kambi ya Agosti 2010 akiwa na timu ya kulipwa ya Minnesota Vikings, kwa msaada wa mtaalamu wa lishe, na akacheza. Khamis atakutana nayo Februari, na miaka inayokuja itasogea hadi Januari. Hapo inagongana na mazoezi ya baridi ya kujenga mwili, na kipindi kilekile cha kurudi kutoka likizo nilichokueleza. Kunyanyua vyuma kunaweza kusogezwa saa moja au mbili baada ya futari, na wengi hata hawapotezi nguvu kama wanakula vizuri kati ya futari na daku. Usingizi uliokatwa na daku afidie mchana. Lakini mbio za kupimwa kwa saa mchana, amefunga, hana maji mwilini, na amebeba kinasaba cha selimundu, hapana. Hilo halina mjadala, na hata kwa upande wa dini mtu ana ruhusa ya kula anapohofia madhara ya kweli kwa mwili wake. Hapo mwulizeni shekhe wenu. Kwa kuwa ratiba za Januari hupangwa mapema, Khamis aende kwa mtaalamu wa tiba wa timu na ile karatasi mkononi kabla ya likizo ya Desemba, wakubaliane kwa maandishi nini atafanya na nini hatafanya mwezi huo, na nakala impate kocha wa mazoezi ya viungo.